Mahakama Uliyoiacha Kwenye Msingi

Kaka Elifuraha,

Mahakama ya Same imekamilika. Ile uliyonipigia simu wakati wa msingi wake, ukasema, "Njoo uone, wanachimba kama wanatafuta maji." Nimeingia ndani yake, kaka. Nilitoka Tabora kwa basi, miguu ikavimba, lakini mlangoni nilikataa kushikwa mkono.

Ungejivuna. Sakafu ya vigae, feni, na kwa wanaosubiri, viti vyenye migongo. Unaikumbuka ile ya zamani, ulikokuwa mzee wa baraza? Mvua ikipiga bati, hakimu kimya, shahidi kimya, nawe unawaambia watu, "Tulieni, leo mvua ndiyo inatoa ushahidi." Hii ina dari. Nje upepo ulikuwa unafukuza vumbi; ndani nilisikia hata kalamu ya hakimu.

Nilikuja kwa mirathi ya baba. Ulipotutoka, binamu yetu Mbazi aliweka pingamizi: nisipate sehemu ya shamba la Bombo, kwa kuwa nililitupa tangu serikali iliponipeleka Tabora kufundisha. Akasema, "Huyu ni Mnyamwezi sasa, mlima wenyewe unampa kizunguzungu." Watu wakacheka. Nami nilicheka, huku nikijiuliza: Nikilikosa lile shamba, nitajibu nini nikiulizwa kwetu ni wapi?

Ndipo akasimama mzee Naftali, msimamizi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Akasema kila msaragambo wa kuzoa tope, jina langu liliitwa na mtu akaitika. Mtu huyo alikuwa wewe. Ukimaliza kipande chako, ulianza kingine: "Sasa hiki ni cha mdogo wangu."

Hakimu, binti wa pwani, akauliza, "Msaragambo ndiyo nini?"

Chumba kizima kikajibu kwa pamoja, na Mbazi kwa sauti kuliko wote: "Kazi ya wote, mheshimiwa! Asiyeleta mtu anakatiwa maji!"

"Na shamba la huyu limewahi kukatiwa?"

Mbazi akatazama vigae. "Hapana."

Hapo tu, kaka. Hakimu alinitaja kuwa mrithi. Aliandika msaragambo kwenye kumbukumbu za mahakama, akaniomba nimtajie herufi moja moja. Nilizitaja kama ninafundisha darasa la kwanza.

Lakini miaka yote ile hukuniambia. Kwenye simu ilikuwa mvua, na bei ya tangawizi, na... basi.

Pumzika, kaka yangu. Nimehamia nyumba ya baba. Mbazi mwenyewe alinisaidia kubeba godoro, akinung'unika njia nzima. Masika yakiisha tutazoa tope la ndiva. Jembe siliwezi tena, nitabeba uji. Ila jina langu likiitwa, nitaitika mwenyewe.

Mdogo wako,
Eliakimu