Mie Sisali Leo

Wahida shoga yangu, leo umekosa! Mwanakhamis kaumbuka kwenye kikao chetu cha mashairi, kwa Bi Badriya, mtaani Baghdadiyah.

Unajua miezi kumi sasa hedhi imemkatika, na hataki mtu ajue. Tangu mafuta yapande bei na Mbarouk wake apewe cheo Riyadh, anaogopa kuletewa mke mwenza.

Basi ikaadhiniwa alasiri. Watu wanainuka, yeye kakaa tu. "Mie sisali leo, nimo kwenye siku zangu."

Bi Badriya kamkazia macho. "Na Alhamisi iliyopita? Na ile ya kabla yake? Siku gani hizo haziishi?"

HAZIISHI! Mtoto wa watu jasho linamtiririka, na AC inapuliza mpaka sisi tunatetemeka.

Kageuka atafute wa kumtetea. Kumbe tuliokaa tuko sita. Sita, Wahida! Na mdogo wetu ana hamsini na mbili.

Bi Badriya katutazama mmoja mmoja, akaghani hapo hapo:

"Mvua imeshakatika, mwavuli wa nini tena?
Inukeni kwa haraka, twende tukasali, wana."

Mwanakhamis kainuka wa kwanza, anacheka na machozi yanamtoka. Wa mwisho mimi.

Alhamisi ijayo njoo na kanga yako ya kusalia, shoga. Mwavuli uache nyumbani.