Masereka si Jina la Msichana

Jumamosi, Kasese. Jua limewaka tangu asubuhi, mabati yanalia, na mlima umejifunika mawingu kama hautaki kuonana na mtu. Nimeshaswali magharibi. Nimekunywa chai ya tangawizi, sasa naandika.

Leo nimeonyesha ile filamu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni vijei. Nina kibanda cha video karibu na kambi ya jeshi. Filamu ikianza, nakaa kando ya skrini na maikrofoni, naeleza kwa Kiswahili nani kasema nini na nani anamdanganya nani, na pakipoa natia chumvi. Watazamaji wangu ni askari na wake zao, watu wa kila pembe ya Uganda, pamoja na wafanyabiashara tunaoswali nao. Kilukonzo, lugha ya milima hii, wengi wao hawakijui. Wanalojua ni lile ninalowaambia mimi.

Filamu yenyewe imetengenezwa na watu wa mji mkuu, na inajitangaza kuwa hadithi ya kweli ya kale ya milima yetu. Ya kweli! Mfalme anapanda farasi kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupita kwa kuomba dua. Tunaambiwa ni miaka elfu moja iliyopita, lakini wanawake wamevaa vitenge vya dukani, mahindi yananing'inia jikoni, na nyuma ya ikulu kuna mikaratusi iliyopandwa kwa mstari. Shujaa ana kovu la chanjo begani. Theluji ni pamba ya magodoro, ukitazama vizuri unaona nyuzi.

Haya yote ningeyacheka. Kazi yangu ni kucheka.

Lakini mama yangu yumo ndani ya filamu hiyo.

Mama ni Mkonzo wa Nyakalengija, kijiji cha chini ya mlima ambako wageni huanzia kupanda. Aliolewa na baba, Mwislamu mwenye lori, akahamia Bwera, na mpaka leo anauza maharage sokoni pale. Kiangazi kilichopita alikuwa kwao akimuuguza dada yake, ndipo watu wa filamu wakafika wakitafuta wazee wanaojua vilio vya zamani. Walimwambia ni sehemu ya kuwakumbuka waliofia mlimani. Mama akawalilia, na alilia kweli. Alimlilia kaka yake, Masereka, mpagazi aliyepanda na wageni kabla mimi sijazaliwa, na mwili wake haukuonekana tena.

Kwa ukoo wa mama, mtu aliyebaki juu haliliwi kama wengine. Anaitwa kwa jina, kisha anaelekezwa njia ya nyumbani: shuka na mto Mubuku, usilale juu ya mwamba, maji yakikupigia kelele usiyajibu, sisi tumeacha moto unawaka. Nilikisikia kilio hicho utotoni, mama akiwa peke yake anachambua maharage. Hakikuwa kitu cha kuonyesha watu. Nadhani aliwapa wale wageni kwa sababu walimwomba kwa heshima, na kwa sababu alitaka jina la kaka yake libaki mahali fulani.

Basi limebaki. Wale watu wamekichukua kilio wakakibandika juu ya msichana anayeburutwa kupandishwa mlimani, akachinjwe kwa ajili ya Kithasamba, mungu mwenye theluji. Mama amefanywa bibi yake, ndiye anayemtoa. Maneno yanasema shuka, msichana anapandishwa. Na huyo msichana wamempa jina Masereka. Walilisikia kwenye kilio, wakaona linapendeza.

Kwetu jina linaeleza kama wewe ni mwanamume au mwanamke, na umezaliwa wa ngapi. Masereka ni mtoto wa kiume wa tatu. Msichana wa tatu ni Kabugho. Hili halihitaji mzee aliyekula chumvi nyingi, ukimuuliza mtu yeyote anayeteremka kwenye gari pale Ibanda atakwambia. Kumwita msichana Masereka ni sawa na kumwita bibi harusi Abdallah. Kuhusu kuchinja watoto, mama anasema wazee wao walitoa kuku, na jambo likiwa zito walitoa mbuzi. Mtoto kutolewa hajawahi kusikia katika hadithi yoyote.

Hawakuuliza. Hilo ndilo linalonitia kinyaa. Walikuwa na mama mbele yao, na chai yake wamekunywa, wakashindwa kumuuliza, "Mama, huyu Masereka ni nani?"

Kipande cha mama akilia kilianza kuzunguka kwenye simu kabla filamu yenyewe haijafika. Wiki hii mteja mmoja wa Bwera amerudisha maharage aliyokwisha kupimiwa, akasema hawezi kula chakula kilichoshikwa na mikono ile. Huku kambini sajini mmoja alinisimamisha njiani mbele ya watu: "Wewe vijei! Ile muzee ya kupeleka mutoto kwa mizimu si ni mama yako?" Nikajibu, "Afande, ni filamu tu." Akacheka. Mke wake hakucheka, alimvuta binti yao karibu.

Mama alikuwa hajaiona filamu nzima. Alisikia maneno ya sokoni akadhani ni wivu. Akatuma salamu kwamba anakuja kuitazama kwenye kibanda cha mwanawe, na anakuja na wenzake wawili wa sokoni.

Mimi nilikwishaitazama juzi, mlango umefungwa. Ningeweza kumpigia simu nimwambie. Ningeweza kuifuta kwenye ubao wa matangazo. Badala yake nikajiambia, wewe si una maikrofoni? Wao wameharibu kwa picha, wewe tengeneza kwa mdomo.

Nilijiona mwerevu.

Basi leo kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Mama na wenzake walikaa mstari wa pili, wamevaa vizuri, harufu ya udi mpaka kwangu. Farasi alipotokea, wale akina mama watatu waliangua kicheko hata wakashikana. Nilifurahi. Kisha msichana akaitwa Masereka, na kicheko kikakatika. Mama alilirudia jina lile polepole, mara moja, kama mtu anayeulizia njia.

Ikafika sehemu yenyewe. Uso wa mama ukajaa skrini, kilio kikaanza, nikapandisha sauti yangu juu ya sauti yake. Nikawaambia watu kwamba huyu bibi hamtoi mtoto kafara, msichana anaolewa mlimani, bibi anamwimbia wimbo wa harusi na kumpa njia ya kwa mumewe. Nikatia na vigelegele. Pale walipotoa kisu nilisema ni cha kukata keki ya asali. Wake wa askari wakapiga vigelegele na wao. Sajini akapiga makofi. Mke wake alimgeukia mama akamwambia, "Hongera, bibi!"

Nilifikiri nimemwokoa mama yangu.

Filamu ilipokwisha wenzake walinisalimu bila kuniangalia, wakawahi gari la Bwera. Hao wanakijua Kilukonzo. Walikisikia kilio chini ya sauti yangu, na walisikia nilichokifanya. Mama akabaki alale kwangu. Tulitembea mpaka nyumbani. Alitawadha, akaswali, akakaa kwenye mkeka. Nikaanza kuwatukana wale watu wa filamu, na nilikuwa na matusi ya kutosha. Akaniacha nimalize.

"Wale ni batu ya mbali," akasema. "Hawakumujua Masereka. Wewe, huyo ni mujomba yako, na umemufanyia arusi."

Nyani haoni kundule. Nimekesha siku mbili nikiwahesabia wengine makosa, farasi, mahindi, mikaratusi, na kosa kubwa kuliko yote likatoka kinywani mwangu, kwa sauti ya juu, watu wakipiga makofi. Wao angalau walisahau kuuliza. Mimi nilijua.

Na sasa kuna jingine linanisumbua. Nimefanya kazi hii tangu ndevu hazijaota. Nimetafsiri miungu ya Wagiriki, mafarao, wafalme wa Uchina wanaoruka juu ya paa. Pale nisipoelewa nilitunga, na watu walicheka. Sikujiuliza hata mara moja kama kuna mwanamke katika filamu zile aliyekuwa akimlilia mtu wake. Ni mama wa nani hao niliowatia vichekesho mdomoni? Siwezi kuwajua tena. Najisikia mchafu, na si uchafu wa kuoga ukatoka.

Kesho alasiri kuna onyesho jingine, limeshatangazwa. Nilimwambia mama nitalifuta. Akakataa. Nikamwambia basi asubuhi nitamtafutia gari arudi Bwera, asikae tena mbele ya watu wale. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

"Mimi niko naogopa nani? Niweke pale mbele. Waambie niko nalilia nani."

Nikamuuliza, wakisema kweli ni mchawi? Wakiacha kununua? Akasema maharage hayaozi haraka, akavuta shuka akageukia ukutani.

Kwa hiyo kesho nitaacha farasi apande, nitaicheka mikaratusi na kovu la chanjo kama kawaida, maana hayo yanastahili. Uso wa mama ukitokea nitasimamisha picha. Nitasema: huyu ni mama yangu, yuko pale, mtazameni. Anamlilia kaka yake. Masereka ni jina la mwanamume, na mwanamume huyo alikuwa mpagazi, na hajarudi. Hapa hakuna mtoto wala harusi, jana niliwadanganya.

Sajini akitaka kucheka, acheke. Mimi nitaachia picha iendelee, nizime maikrofoni, na mama asikike mwenyewe.