Nimemwomba Nasrin Ajiite Agape kwa Jumapili Moja

Mama Loth, shikamoo. Mimi ni msomaji wako tangu nikiwa sekondari, nilikuwa nasoma safu yako hata kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, na leo zamu yangu imefika, nakuomba unishike mkono kabla sijapanda ndege ya kurudi nyumbani Krismasi hii.

Mimi ni binti wa Suji, juu milimani Upareni, Mlutheri wa kuzaliwa, baba ni mzee wa kanisa na mama ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake usharikani, na kwa sasa nipo Ufini kwa muhula mmoja wa masomo, nimebakiza mitihani tu. Nilipoondoka kanisa zima liliniombea, mchungaji akanikabidhi salamu za usharika nizifikishe kwa Walutheri wa huku, basi Jumapili ya kwanza nikavaa kitenge changu juu ya majaketi mawili nikaenda kanisani, nikakaa mbele, nikawa nasubiri watangaze wageni wasimame wajitambulishe kama tunavyofanya kwetu, salamu nimezikariri barabara. Mama Loth, ibada ikaisha, wazee wachache waliokuwemo wakavaa makoti yao wakaondoka kimyakimya, mimi nimebaki kwenye benchi na salamu zangu mpaka mtu wa kufunga milango akanionyesha kwa ishara kwamba muda umekwisha. Nilirudi mara ya pili ikawa vilevile, ya tatu sikwenda, na baada ya hapo Jumapili ikawa siku ya kufua.

Ningekuwa nimeshapotea kabisa kama si Nasrin, na jina lake nalitaja kwa sababu ndilo lenye kesi. Nasrin ni Mpare mwenzangu, kwao ni Same mjini, baba yake anauza vifaa vya ujenzi karibu na soko, tumetoka chuo kimoja na huku tumepangiwa chumba kimoja, na ni Mwislamu asiyeacha swala, hata huku ambako majira haya jua lenyewe linachomoza watu wameshaingia darasani. Simu yake ikilia alfajiri naamka na mimi, mwanzoni nilikuwa nanung'unika najifunika blanketi, halafu nikaona aibu, mwenzangu yuko kwenye mswala na baridi hii, mimi mtoto wa mzee wa kanisa nakoroma, nikaanza kukaa kitandani na Biblia yangu nikisoma zaburi moja na kuomba kimya mpaka amalize, kisha tunakunywa chai ya tangawizi pamoja. Ikawa siku nikichelewa kuamka ananigusa bega ananiuliza kama leo siombi. Mama Loth, sijawahi kuomba hivyo maishani mwangu, nyumbani nilikuwa naomba kwa sababu baba anasikia.

Kosa langu lilianzia kwenye simu. Kila Jumapili mama alikuwa anauliza mahubiri yalihusu nini, nikachoka kukwepa, nikamwambia huku tuna kikundi cha maombi cha alfajiri, mimi na rafiki yangu wa Same, na hapo sikudanganya, ila sikumalizia. Mama akaenda kumalizia mwenyewe kwenye umoja wa wanawake. Sasa imepangwa kwamba Jumapili inayofuata Krismasi nitoe ushuhuda jinsi nilivyoanzisha kikundi cha maombi Ulaya, mwenzangu naye aitwe mbele tuombewe pamoja, kwaya inafanya mazoezi na mbuzi wa sherehe ameshatengwa. Na Nasrin mwenyewe anataka kuja, kila siku anasema ni aibu amezaliwa Same na hajawahi kufika Suji.

Nikaogopa, na kwa woga nikafanya jambo la kijinga. Tulikuwa tunapika makande, nikamwomba, kama utani hivi, kwamba siku hiyo moja tu tukiwa Suji ajiite Agape, avue mtandio, na akiombewa ainamishe kichwa basi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza, aliendelea kukoroga makande akasema, "Jina hili nilipewa na bibi yangu. Nikipanda Suji nitapanda nalo, la sivyo nitabaki Same." Tangu siku hiyo simu yake hailii tena, ameiweka mtetemo chini ya mto, anakwenda kuswali jikoni ili asinisumbue, mimi nikija kuamka ameshaondoka na Biblia sijaifungua. Tunasalimiana vizuri tu, kama wapangaji.

Nifanye nini, Mama Loth? Nikimweleza mama ukweli ataaibika mbele ya wenzake, nikinyamaza nitasimama madhabahuni na uongo, nimefikiria hata kusingizia homa nibaki Dar kwa shangazi. Na lipo swali linalonitisha kuliko yote, kwamba kama bila simu ya Mwislamu siwezi hata kuamka kuomba, je, imani hii ni yangu au nimeiazima?

Binti wa Suji, Ufini

*

Marahaba, binti wa Suji. Pale ulipobaki kwenye benchi na salamu za usharika nimecheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Pole sana. Lakini hao wazee wangejuaje kwamba una salamu, wameota? Kila nchi na desturi zake, na ya huko hawasimamishi wageni. Jumapili hii rudi kanisani, msubiri mchungaji wao mlangoni, mpe mkono, mwambie nimetumwa na watu wa Suji wanawasalimu. Salamu ni amana, hairudishwi kwenye begi.

Nilipofika kwa Nasrin nikaacha kucheka. Hebu litazame ulilofanya. Mtu amekuamsha muhula mzima ili uombe, na wewe umemwomba avue jina lake ili kanisa likushangilie wewe kwa kuomba. Nimekasirika, sikufichi, na ungekuwa karibu ningekufinya.

Unasema hukudanganya, ila hukumalizia. Mwanangu, hiyo nayo ina jina na unalijua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye sufuria la makande.

Sasa tuje kwa mama yako, ambaye unamwogopa bure. Mimi ni mzaliwa wa milima hiyohiyo. Shangazi yangu ameolewa kwa Waislamu, Ndungu kule tambarare, na anaitwa Mama Nassoro, na kila mavuno anatupandishia mchele, hakuna aliyewahi kuuliza umepepetwa na dini gani. Wewe umekulia Suji, umehudhuria harusi ngapi? Ng'ombe wa harusi anachinjwa na nani? Si huwa anatafutwa Mwislamu, akikosekana kijijini anafuatwa hata chini kwa bodaboda, ili ndugu na marafiki wanaopanda kutoka tambarare wale bila wasiwasi? Na baba yako mzee wa kanisa anaila nyama hiyohiyo na kuomba aongezewe supu. Watu wa Suji walishajua zamani namna ya kula na Mwislamu sahani moja bila yeyote kubadili jina, wewe umekwenda Ufini ukasahau.

Kwa hiyo utampigia mama yako simu na kumwambia hivi: "Mama, rafiki ninayeamka naye kuomba ni Mwislamu, anaitwa Nasrin. Naomba yule mbuzi achinjwe na Mwislamu, ili akija naye ale." Usijieleze zaidi ya hapo. Ataudhika, maana ameshajisifu kwa wenzake, na kuwarekebishia habari ni kazi yake yeye mwenyekiti. Ukimsikia anauliza mgeni anapendelea wali au ndizi, ujue yamekwisha. Halafu ongea na mchungaji, mwambie mgeni wako akija asiitwe mbele kuombewa bila ridhaa yake. Mgeni anasalimiwa na kukaribishwa chakula, inatosha.

Hiyo ya kusingizia homa sitaki hata kuijadili. Shangazi yako wa Dar apumzike.

Kuhusu imani ya kuazima, hapo nakuonea huruma kweli, maana swali lako ni la mtu anayetafuta. Kwetu mama akikuta jiko limezimika hutuma kuomba kaa la moto kwa jirani. Chakula kikiiva, nani husema ni cha jirani? Ulipewa moto, ukapika mwenyewe. Zile zaburi ulizisoma wewe, na yale maombi ambayo baba hayasikii ni ya kwako. Ila sasa kuni utafute mwenyewe. Una simu, itegeshe ilie. Kama miezi yote hii umekuwa ukiamshwa na ya mwenzako, huo ni uvivu tu na dawa yake unaijua.

Lakini kabla ya mchungaji, na kabla hata ya mama yako, kuna Nasrin, na hapo usingoje mitihani iishe. Kesho alfajiri amka kabla yake. Nenda jikoni, sogeza viti apate nafasi, keti pembeni na Biblia yako. Akimaliza kuswali mwambie umemkosea. Usiseme "kama nilikukosea," usimweleze jinsi ulivyokuwa na woga, usimkumbushe mbuzi wala kwaya. Mwombe radhi, kisha nyamaza umsikilize. Na usimwombe aje Suji siku hiyo. Mwaliko huo utoke kwa mama yako, kwa jina la Nasrin mwenyewe, baada ya mama kujua anayemwalika ni nani.

Huenda akakataa kuja. Ana haki, na usimnunie. Ikiwa hivyo, mkifika nyumbani teremka wewe Same, nenda kwao, mwamkie mama yake, umweleze binti yake alivyokufaa ugenini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa hivyo anafuatwa hata kwa miguu.

Ushuhuda utoe, usiufute. Ila usiseme umeanzisha kikundi. Sema, "Nilikuwa nimeacha kuomba, na aliyenirudisha ni rafiki yangu Nasrin, Mwislamu wa Same." Wapo watakaoguna, waache wagune. Na ukiona huwezi kulitaja jina hilo mbele ya kanisa, basi keti, uwaachie kwaya waimbe, kwa sababu hutakuwa na ushuhuda wa kutoa.