Chupa za Talaso

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua mbuzi, nimefagia, chai tayari. Binti yangu Talaso bado amelala. Wacha alale. Nionyeshe mtaani hapa Wabera nzima mtoto mwingine wa chuo kikuu anayesomea tope. Hakuna. Alhamisi anaenda Pwani na mwalimu wake, pale mto unaingia baharini. Anasema tope la huko limeshika shaba, na risasi ile ya betri. Maji ya chumvi yakilikoroga, linaachilia sumu hiyo majini. Samaki wanakula, watu wanakula samaki. Nimemweleza jirani, Mama Guyo, hayo yote mara mbili. Akaniuliza kama tope lina mshahara. Wivu tu.

Jumanne, 5 Agosti
Talaso ameenda Kulamawe kumsalimia baba yake, aliye huko na ng'ombe. Ameacha chupa zake za plastiki za kutilia tope kwa katoni, tupu, kila moja ndani ya mfuko. Mtoto wangu asimame mbele ya mwalimu na chupa ambazo mama hajatia mkono? Nimezisugua na jivu, nikaziinamisha juu ya moshi kama vibuyu vya maziwa. Zinanukia. Nimezirudisha kwa mifuko, nikanyamaza. Akifungua atajua ana mama.

Jumatano, 6 Agosti
Amerudi. Mama Guyo alikuja chai, akauliza mtu anabebaje chupa tupu mpaka Pwani. Talaso akacheka. Akamwambia zilioshwa na dawa kali kule maabara, hata kidole hakiingii ndani.

"Jivu kidogo tu, Mama Guyo, lina madini yake. Nitapima jiko la mtu nidhani ni bahari."

Nikammiminia Mama Guyo chai tena. Nilitaka kusema. Mama Guyo ananiangalia. Sikusema. Naogopa.

Alhamisi, 7 Agosti
Ameondoka alfajiri. Nimemkumbatia, mdomo nimeufunga. Mimi, mwenye mdomo wa Wabera nzima. Mashua imekodiwa siku moja tu, Jumamosi. Bila tope hilo hana cha kuandika, hamalizi chuo mwaka huu. Nimepiga simu. Mteja hapatikani. Nimepiga tena. Mteja.

Ijumaa, 8 Agosti
Ameshika simu baada ya swala. Nikasema yote, hata salamu sikutoa.

"Zote, mama?"

"Zote."

Akakata. Sijawahi kuchukia mikono yangu hivi.

Jumapili, 10 Agosti
Amepiga. Wenzake walimgawia chupa chache. Amepata tope la pale mto unapoishia, la kule juu mtoni hakupata. Itabidi arudi. Sauti bado baridi. Lakini amepiga.

Jumapili, 31 Agosti
Talaso amekuja na katoni mpya ya chupa. Zile za moshi amenirudishia, nimezitia maziwa. Mama Guyo akauliza habari ya tope. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Saa hii Talaso ameenda dukani. Kabla atoke alisukuma katoni chini ya kitanda changu, akasema, "Nichungie, mama."

Nimekaa hapa kitandani. Sijagusa.