Mshindi wa Kirando

Mjukuu wangu Oliva,

Mama yako amesema asubuhi hii kwamba mahindi ya Malangali yamekauka, na wanaanza kuvuna Jumatatu. Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote ni wazima, ila nyumba imepoa tangu uende Mwanza.

Unauliza kama tovuti ile ni ya kweli. Umetazama matangazo yao, na sasa wanataka utume ada ndipo wakupe simu uliyoshinda.

Miaka ya ruksa, maduka yalipojaa sabuni za kila rangi, wakala mmoja alitangaza hapa Sumbawanga: leta karatasi za sabuni na kiingilio, upate redio. Bibi yako, wakati huo mchumba wangu, aliitamani mno. Alifua hata nguo safi ili karatasi zitimie. Kabla ya kulipa akauliza, "Nani ameshapata?"

"Mama mmoja wa Kirando."

Bibi yako alizaliwa Kirando. "Binti wa nani? Anaanika dagaa upande upi?"

Wakala akacheka. "Dada, wewe polisi?"

Hakulipa. Tulipokwenda Kirando kuwasalimu wakwe, tulikuta wenzake wamelipa. Wao waliambiwa mshindi ni mama mmoja wa Malangali, huku kwetu Sumbawanga.

Basi waulize hao nani ameshapata, na kama unaweza kwenda kumsalimu. Ada isubiri.

Redio nilimnunulia baadaye. Bado naisikiliza taarifa ya habari, ila tangu bibi yako atutoke hakuna wa kunikatiza.

Nipigie Jumapili baada ya misa, uniambie mshindi wao anaishi wapi.

Babu yako