Shati la Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Ameamka! Mume wangu kaomba maji. Nyuzi kumi na tisa ubavuni. Mwaka jana ilikuwa mkono, na aliyemchoma kisu ni yuleyule, fundi wa pikipiki. Nesi kanipa shati lake kwenye mfuko wa plastiki, limekakamaa kwa damu. Nikasema nitalifua. Mume wangu akanishika mkono — usilifue! Nikaufunga mfuko.

Jumatano, 6 Machi
Kaja mshauri wa hospitali. Kazi yake ni watu waliochomwa visu, wasirudi tena wodini. Ana kovu toka sikioni hadi kidevuni. Mume wangu akamuuliza, hizo karatasi zako zitanikinga na kisu? Mshauri akacheka — bwana mdogo, kitanda hiki cha tisa nimekilalia mara mbili, hata springi inayochoma mgongo naijua! Mume wangu akacheka mpaka akashika nyuzi. Watampeleka kujifunza useremala, na chumba watatutafutia mbali na mtaa wetu. Jumatatu saa tatu mshauri atamfuata nyumbani. Kasaini!
Kwenye korido mshauri akaniuliza, shati liko wapi? Nami sikumwambia mtu. Akasema lake alikaa nalo miezi minne bila kulifua. Akilifua mwenyewe, shemeji, ujue moyo umepoa.

Ijumaa, 8 Machi
Tuko nyumbani. Shati liko chini ya godoro. Rafiki yake kaja, wananong'ona. Eti fundi anatamba gereji kwamba amemshona mtu kwa kisu. Nikaingia na mtoto — baba, tazama, tumeota jino! Mume wangu hakulitazama.

Jumapili, 10 Machi
Kaniomba sabuni! Kalifua mwenyewe, kwa mkono mmoja. Maji mekundu, kisha kama juisi. Mtoto anayapiga makofi. Palipochanika nimeshona kwa uzi wa bluu, mweupe sina. Nimelia kwa raha. Suruali ya kesho nimeshainyoosha.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetoka bombani, hayupo. Jirani kamwona na rafiki yake, kavaa lile shati. Suruali iko kitini.
Mshauri kafika saa tatu kamili. Nikamwambia, alilifua mwenyewe! Akatazama kamba ya nguo, tupu. Kakimbilia gereji, kaniambia nisitoke.
Labda mume wangu kapita huko kusema yameisha. Ndiyo maana akalifua. Mtu hafui nguo ya ugomvi.
Mtoto ana njaa. Nataka kumkatia mkate. Kisu nimekitafuta kila mahali.