Tripodi Ndefu Kuliko ya Adelina

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi picha za pasipoti, walimu watupu. Mchana nimefunga tena mguu wa tripodi kwa mpira wa baiskeli. Ule wa nyuma. Ukiulegeza tu, kamera inainama taratibu kama mtu anayesinzia kanisani.

Jioni kuna mtu ametuma video kwenye kundi la harusi ya Asimwe, mdogo wangu. Ni ya harusi nyingine, ya huko Ihanda. Kamera imetulia tuli. Inageuka polepole kutoka kwa bwana harusi hadi kwa mama yake, haitetemeki hata kidogo. Nimejua ni kazi ya nani kabla ya kuona jina. Adelina. Nilimfundisha mimi, hapa hapa Nkwenda, miaka miwili. Siku ya kwanza alipiga picha bila kutoa kifuniko cha lenzi.

Asimwe ameweka mioyo mitano. Kwenye video zangu huweka dole gumba.

Alhamisi, 10 Julai

Baba mdogo amepiga simu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Video atapiga Adelina. Mimi nisijisumbue, nije kama kaka wa bibi harusi, nikae, nile.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi kwetu nimeambiwa nikale ndizi.

Kwa kuchanganyikiwa nimemwamkia shikamoo mara ya pili wakati wa kuagana.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda nyumbani Kanoni. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimemwambia Mama waziwazi: dada yangu akinikataa, nani mwingine Nkwenda ataniita kwenye harusi yake? Nitafunga studio. Mama alijifunga kanga, akaenda kwa Baba mdogo.

Wamekubaliana tupige wote wawili. Ijumaa ya tarehe 25, siku ya kumuaga Asimwe nyumbani, kila mmoja na kamera yake.

Bibi, mzaa baba, ndiye atakayembariki. Amewabariki wajukuu wote walioolewa na hakuna aliyewahi kumrekodi. Sasa hata kuinuka anashikwa mkono. Hicho ndicho kipande ninachokitaka. Kanisani Adelina apige atakavyo. Bibi ni wangu.

Jumanne, 15 Julai

Tripodi mpya! Jamaa wa sokoni anayeleta vifaa kutoka Uganda alikuwa nazo mbili. Moja fupi, nyepesi, kila mguu unapanuka peke yake hadi unalala chini. Nyingine ndefu, nzito, miguu yake imeunganishwa katikati kwa vyuma. Ukiivuta yote, kamera inapita kichwa changu.

Muuzaji kasema wapiga harusi wa huku huchukua fupi. Nikauliza Adelina alichukua ipi. Akacheka. Fupi.

Nimechukua ndefu.

Jumamosi, 19 Julai

Mazoezi migombani nyuma ya studio. Nimeivuta mpaka mwisho. Naona shamba lote, paa la jirani, mbuzi wa jirani, jirani mwenyewe akinishangaa. Haitetemeki. Nimefurahi kama mtoto.

Nimeweka picha ya tripodi kwenye simu watu waione. Adelina ameandika, "Hongera mwalimu." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi nikitafuta dhihaka. Sikuiona. Imeniudhi zaidi.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika nikiwa nimekaa migombani, nyumbani Kanoni. Sitaki kuingia ndani.

Sebule ilikuwa imetandikwa nyasi mpya, za kunukia. Mama na mama zangu wadogo walizitandika tangu alfajiri. Wazee wameketi chini, Bibi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Mbele yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Asimwe akaingia, akapiga magoti.

Nikaishusha tripodi. Ikagoma. Nimekunja miguu yote na bado kamera ilikuwa juu ya kichwa cha Bibi. Nikataka kuipanua miguu. Vile vyuma vya katikati vikakataa. Ningeweza kuichomoa kamera niishike mkononi, nichuchumae. Sikutaka. Adelina alikuwa ananiona. Niliinunua ili aione.

Nikasimama hapo hapo, katikati ya wazee, nikihangaika na vyuma. Nyasi zikanaswa kwenye miguu ya tripodi. Nikaivuta, zikafunuka mpaka saruji ikaonekana.

Baba mdogo akasema, "Mutalemwa, utawasimamia wazee kichwani mpaka lini?"

Nyumba nzima ilisikia. Kwetu mtoto hasimami wazee wanapoketi, hata awe na nini mkononi. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilifikiria urefu tu.

Nilipoiburuta tripodi mpaka ukutani, Bibi alikuwa amemaliza. Nina kilemba chake na mgongo wa Asimwe. Basi.

Na Adelina? Alikuwa amepiga magoti pembeni pamoja na wanawake, tripodi yake imelala kwenye nyasi kama kaa. Hakuna aliyemwona. Namchukia. Hapana. Namwonea wivu, na sina cha kumlaumu.

Jumapili, 27 Julai

Harusi jana ilienda salama. Asimwe yuko kwake.

Baba mdogo ameamua video iwe moja, na niihariri mimi, kwa kuwa ni wa nyumbani. Nikajua nitalazimika kumwomba Adelina vipande vyake. Nimeshinda nikitafuta maneno. Jioni akaja mwenyewe na kadi ya kamera yake, ameifunga kwenye karatasi. Akaamkia, "Shikamoo mwalimu." Akakataa chai, akapanda boda.

Bora angenicheka.

Jumatano, 30 Julai

Nimefungua kadi yake.

Bibi yupo, uso wote. Anachagua punje za kahawa kwa kidole kinachotetemeka, anaziweka kwenye kiganja cha Asimwe, anakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Anasema yake kwa Kinyambo, taratibu. Halafu anacheka. Sikumbuki kumsikia akicheka siku ile. Nilikuwa na vyuma.

Nyuma yao kuna suruali yangu, kuanzia magoti kushuka. Wote miguu mitupu. Mimi na viatu.

Nimejaribu kukata. Nikijikata mimi, kicheko cha Bibi nacho kinaondoka. Nimeacha.

Mwishoni nikaandika majina ya wapigaji. Nikaweka langu juu, la Adelina chini. Nikaangalia. Nikaenda kufungua mlango wa studio, nikarudi. Nimeweka lake juu. Kwenye kipande cha Bibi nimeweka lake peke yake.

Asimwe ataiona kesho.